Mfumo mpya wa kioo kwenye Linux usitukute usingizini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie walimu wa kompyuta, mafundi na wenye ofisi ndogo wanaotumia kompyuta za mezani zenye mfumo endeshi wa Linux, kwa kuwa ndani ya kompyuta hizo kuna sehemu kubwa inayobadilishwa hivi sasa, na wengi wetu tunakuja kulijua hilo siku kazi inapokwama. Mimi nililijua nikiwa darasani.

Ninafundisha katika kituo kidogo cha mafunzo hapa Morogoro chenye kompyuta kumi na nne za mtumba. Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka 2025, fundi wetu alizipandisha zote kwenda toleo jipya la mfumo endeshi, kwa nia njema kabisa, maana toleo la zamani lilikuwa linakaribia mwisho wa kuhudumiwa. Jumatatu asubuhi niliwapa wanafunzi zoezi la kuandika ukurasa mmoja kuhusu ufugaji. Hazikupita dakika tano, binti mmoja aliyeketi karibu na mlango akanyoosha mkono: "Mwalimu, nikiandika ng'ombe inatokea ngómbe." Nikasogea, nikaangalia. Ng'ambo ilikuwa ngámbo, ng'oa ilikuwa ngóa, na kila alipofuta na kuandika upya, ritifaa haikuonekana mpaka abonyeze irabu, kisha ikaikalia irabu hiyo kichwani. Muda si mrefu darasa zima lilikuwa linalalamikia jambo hilohilo. Nilipofungua programu ninayoitumia kutazama vioo vya wanafunzi nikiwa mezani kwangu, nikaona viboksi kumi na vitatu vyeusi tii.

Sababu ya ngómbe nilikuja kuielewa baadaye. Mashine zetu zilikuja na mpangilio wa kibodi wa kimataifa, ambao ritifaa yake huisubiri irabu ili iitie alama ya mkazo, kama wanavyohitaji waandishi wa Kihispania na Kireno. Miaka kadhaa iliyopita niliandika amri ya mstari mmoja, inayojiendesha kila mtu anapoingia kwenye kompyuta, ili kuuondoa mpangilio huo, nikasahau kabisa kwamba ipo. Amri ile ilikuwa ikizungumza na mfumo wa kuonyesha uitwao X, na Jumatatu ile X haikuwa tena mwenye nyumba. Mahali pake palikuwa na Wayland, ambayo haipokei amri za namna ile. Dawa yenyewe ilikuwa ya dakika mbili tu: kufungua mipangilio, kuingia sehemu ya kibodi, kuuondoa mpangilio wa kimataifa na kuweka ule wa kawaida wa Kiingereza cha Marekani. Lakini dakika hizo mbili nilizifikia baada ya siku mbili za kuhangaika, na wanafunzi wanaolipa ada walizipoteza siku hizo pamoja nami.

Nilimlaumu fundi, naye kwa utulivu akanionyesha mstari mmoja, kwa Kiingereza, katikati ya maelezo marefu ya toleo lile, uliosema kwamba njia ya kuingia kwa kutumia X imeondolewa. Hakuna aliyetuficha. Hakuna pia aliyetuambia kwa namna ambayo mtu mwenye darasa la kufundisha angeweza kuisikia, na hiyo ndiyo hoja iliyonifanya nishike kalamu.

Naomba nieleze kwanza ni kitu gani kinachobadilika, kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba ni mapambo mapya tu. Mfumo wa kuonyesha ni ile sehemu inayopokea kutoka kwa kila programu kile inachotaka kionekane, ikakipanga kwenye kioo, na kwa upande wa pili ikachukua kila kinachobonyezwa kwenye kibodi na kukipeleka kwa programu inayohusika. X ilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ndani ya mradi ulioitwa Athena, kwa kazi ya Bob Scheifler na Jim Gettys, na toleo lake la 11, ambalo ndilo tulilolitumia miaka yote hii, lilitoka Septemba 1987. Ilibuniwa kwa ajili ya mazingira ya chuo, ambako programu iliweza kuendeshwa kwenye kompyuta moja na kuonekana kwenye kioo cha nyingine kupitia mtandao, na ambako haikuwa lazima kudhani kwamba programu moja ingeidhuru nyingine. Kwa hiyo X haikujenga ukuta kati ya programu na programu. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyake vimetenganishwa kwa pazia la kanga: wapangaji wakiwa waungwana mnaishi kwa raha, lakini kila neno unalosema chumbani kwako linasikika kwa jirani akitaka kulisikia.

Jambo hili niliwahi kuwaonyesha wanafunzi kwa macho yao, wakati kompyuta zetu zilikuwa bado na X. Nilifungua dirisha la amri, lile wanaloliita terminali, nikaandika xinput test pamoja na namba ya kibodi, nikaliacha pembeni ya kioo. Kisha nikamwomba mwanafunzi mmoja afungue kivinjari na kuandika nenosiri la kubuni mahali pa kuingilia barua pepe. Kivinjari kilionyesha vidoti tu kama kawaida yake, lakini kwenye dirisha langu dogo kila kitufe alichokibonyeza kilijitokeza kwa namba yake, kitufe cha a kikiwa 38, bila mimi kuombwa nenosiri la msimamizi wala yeye kuulizwa chochote. Darasa lilinyamaza. Programu yoyote mbovu ambayo mtu ameipakua na kuifungua kwa jina lake ingeweza kufanya vivyo hivyo, kimya kimya, huku mhasibu wa ofisi akiingia kwenye akaunti ya benki. Kwa sababu hiyo, pamoja na adha yote iliyonipata, sijiungi na wanaosema kwamba mabadiliko haya hayana maana.

Wayland ilianzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wa X, na toleo lake la 1.0 likatoka Oktoba 2012. Jina ni la mji ulioko jimbo la Massachusetts. Kanuni yake inaelezeka kwa neno moja ambalo kila mtoto wa Kiswahili analijua: hodi. Programu huliona dirisha lake tu, na hupokea vitufe pale tu mtumiaji anapokuwa ndani ya dirisha hilo. Ikitaka kupiga picha ya kioo kizima, au kukionyesha kwa watu walio kwenye kikao cha mtandaoni, ni lazima iombe, na mtumiaji huletewa kisanduku kinachomuuliza iwapo anakubali, na kama anakubali, ni dirisha gani lionekane. Viboksi vyangu vyeusi vilitokana na hilo. Programu yangu ya kutazama vioo ilikuwa imezoea kuchungulia kupitia pazia, na sasa imekuta mlango ambao haijafundishwa kuubisha.

Kuna wanaouliza kwa nini X haikurekebishwa tu. Jibu ni kwamba ulegevu ule ulikuwa sehemu ya ahadi ambayo X ilizipa programu, na ukiukaza, zinavunjika programu nyingi zilizojengwa juu yake. Tena nyumba yenyewe imezeeka: Januari 2014 lilitangazwa kosa la kiusalama katika sehemu ya kusoma fonti ambalo lilikuwa limekaa humo tangu mwaka 1991, na wote waliopita hapo kwa zaidi ya miaka ishirini hawakuliona. Waliokuwa wakiitunza X ni miongoni mwa watu waliosema wazi kwamba ni afadhali kujenga upya.

Hata hivyo, haki haitendeki tukiwaita wakaidi wote waliochelewa kuhama, kwa maana kwa miaka mingi sababu zao zilikuwa za kweli. Fedora, moja ya aina za Linux, iliifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza katika toleo la 25, Novemba 2016. Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ikafuata Oktoba 2017 kwa toleo la 17.10, lakini miezi sita baadaye, katika toleo la 18.04 ambalo ni la kuhudumiwa kwa muda mrefu, ikarudi kwenye X, na watengenezaji wake walitaja sababu bila kuficha: kuonyeshana vioo katika mikutano ya mtandaoni hakukuwa tayari, kuongoza kompyuta ukiwa mbali hakukuwa tayari, na hitilafu ya mazingira ya mezani, yaani ile sehemu inayokuonyesha menyu na madirisha, iliweza kuangusha kila kitu ulichokuwa umekifungua. Ilirudi tena kwenye Wayland katika toleo la 21.04. Wenye kadi za picha za kampuni ya NVIDIA walisubiri zaidi, kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa imeshika njia yake tofauti na wenzake, mpaka draiva yake (programu inayoendesha kadi hizo) ya toleo la 495 ya mwaka 2021 ilipoanza kukubali njia inayotumiwa na wengine. Mtu aliyekuwa na kazi ya watu mezani na akakataa kuhama mwaka 2017 alifanya uamuzi wa busara.

Jambo linalonigusa zaidi ni la wasioona. Programu ya kuwasomea yaliyomo kwenye kioo hutegemea kusikia kila kitufe, hata mtumiaji akiwa ndani ya dirisha la programu nyingine, ili ajue ni lini ameambiwa asome, anyamaze au arudie. Ukifunga mlango kwa ajili ya mwizi, umemfungia na huyu pia, usipomtengenezea ufunguo wake. Kazi ya kutengeneza ufunguo huo imekuwa ikiendelea, na mwaka 2023 mfuko wa Sovereign Tech Fund wa Ujerumani uliipa taasisi ya GNOME, mazingira ya mezani yanayotumiwa na Ubuntu na Fedora, euro milioni 1 kwa kazi mbalimbali, huduma kwa watu wenye ulemavu zikiwa miongoni mwake. Lakini kituo au shule yenye mwanafunzi asiyeona isithubutu kupandisha toleo la mashine yake kabla yeye mwenyewe hajakaa kwenye mashine ya majaribio na kusema kwamba inamfaa. Neno la fundi anayeona halitoshi hapo, na wala langu halitoshi.

Sasa kwa nini ninasema tusikutwe usingizini, ikiwa mambo yamekwenda taratibu hivyo kwa miaka kumi na zaidi? Kwa sababu mwendo umebadilika. Hapo awali X ilikuwa inawekwa nyuma ya Wayland, lakini ilibaki palepale, na aliyeitaka aliichagua, sasa inaondolewa. Kampuni ya Red Hat iliitoa seva ya X, yaani programu yenyewe inayoiendesha X, katika toleo la 10 la Linux yake ya kibiashara, Mei 2025. GNOME ilizima njia ya kuingia kwa X katika toleo la 49 la Septemba 2025, na Ubuntu 25.10 ya Oktoba mwaka huohuo ikatoka bila chaguo hilo. KDE Plasma, mazingira mengine ya mezani, imeifanya Wayland kuwa ya kwanza tangu Februari 2024, na watengenezaji wake wameshatangaza kwamba nao wataiacha X. Hata zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo baadhi ya shule zinazitumia, mfumo wake ulianza kuhamia Wayland Oktoba 2023.

Kwa mwenye mashine za zamani, kuna wanaomshauri arudi kwenye Windows ili aepuke usumbufu. Huo si ushauri wa kumsaidia. Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo hazina. Njia iliyopo ni kujipanga ndani ya hiki tulicho nacho, na nafasi ya kujipanga ipo.

Hatua ya kwanza ni kujua uko wapi. Fungua dirisha la amri, andika echo $XDG_SESSION_TYPE, nawe utajibiwa x11 au wayland. Katika Ubuntu 24.04, ukishabofya jina lako kwenye ukurasa wa kuingilia, kwenye kona ya chini kulia hutokea alama ya gurudumu la meno, na ukiibofya utaweza kuchagua kuingia kwa X pale unapohitaji. Toleo hilo litahudumiwa hadi mwaka 2029, na Linux Mint 22, aina nyingine ya Linux iliyojengwa juu yake na ambayo mazingira yake ya kawaida bado yanatumia X, nayo ni hivyohivyo. Debian 13, nayo aina ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, bado inayo njia zote mbili. Hivyo mwenye kituo anayeshindwa kuhama leo hana haja ya kuhaha. Anayo miaka kadhaa ya kuhama kwa mpango, iwapo tu atakataa kupandishwa toleo kwa pupa.

Hatua inayofuata ndiyo iliyotushinda sisi, nayo ni kuorodhesha vitu vyote vinavyogusa kioo au kibodi kwa njia za pembeni. Programu za kawaida, yaani za kuandika, za mahesabu, vivinjari na michezo ya watoto, hazina shida, maana hata zile zilizoandikwa kwa ajili ya X huendelea kufanya kazi ndani ya Wayland kupitia daraja linaloitwa XWayland, na mtumiaji hata hatambui. Vinavyovunjika ni vile vya pembeni: amri za kubadili vitufe, programu za kurekodi kioo ambazo hazijasasishwa, zana za kujiandikia au kujibofyea zenyewe, na zile za kuitazama kompyuta ya mwingine. Kwa hii ya mwisho, mazingira ya GNOME ya miaka ya karibuni yana huduma yake yenyewe ya kuongozwa kutoka mbali, inayowashwa kwenye mipangilio, nami nimeshaanza kuitumia kumsaidia mwanafunzi mmoja mmoja. Haijanipa bado ule uwezo wa kuona darasa zima kwa mara moja, na ninaukosa.

Ombi langu kwa wanaotuuzia na kutugawia kompyuta zenye Linux ni dogo na halina gharama. Karatasi moja ya Kiswahili, inayobandikwa ubavuni mwa mashine, iseme ni toleo gani limesimikwa, litahudumiwa hadi lini, na linatumia X au Wayland. Fundi anayepandisha toleo la mashine za watu naye aanze na mashine moja, aiache itumike wiki nzima na wale wanaoitumia kila siku, ndipo aguse nyingine. Hakuna duka la dawa linalokupa chupa bila karatasi ya maelezo, na sioni kwa nini mashine inayobeba kazi ya mwaka mzima ya shule ikabidhiwe bila neno.

Kwako, Mhariri, ombi ni kwamba kurasa zako za teknolojia, ambazo kwa wiki nyingi nimeona zimejaa simu mpya, zitenge nafasi kwa habari kama hii. Isisemwe kwamba lugha haitoshi. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika na mradi uliotupatia Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na mafundi wanaozungumza habari za Wayland kwenye mabenchi yao hapa mjini wanaizungumza kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Kinachokosekana ni mahali pa kuiandika ili mwalimu aliyeko mbali na mabenchi hayo aisome kabla ya Jumatatu yake haijamfika.

Sisi kituoni tumezirudisha kompyuta kumi na mbili kwenye Ubuntu 24.04, na wanafunzi wanaingia kwa X. Mbili tumeziacha kwenye toleo jipya lenye Wayland peke yake. Binti aliyeiona ngómbe ndiye anayekaa kwenye mojawapo, naye tumemkabidhi daftari ambalo anaandika kila kitu kinachokataa, siku kilipokataa, na namna tulivyokitatua kama tumekitatua. Hadi ninapoandika barua hii limefika ukurasa wa tatu, na mambo manne bado hayana jibu. Mwalimu yeyote atakayehitaji nakala anaweza kuiomba kupitia ofisi yako, nami nitaituma.

Wako katika kazi,
Mkufunzi wa kompyuta,
Morogoro.